Helmeti Yangu Bado Nzima

Jumatatu, 10 Machi 2025

Nimeanguka. Kona ya chini ya kanisa, matope, gurudumu la nyuma likakataa. Sikuwa na abiria. Kichwa kiligonga jiwe la ukingo wa mfereji, sauti kama sufuria limedondoka jikoni. Mwili mzima salama, isipokuwa kiwiko. Helmeti nimeikagua: mkwaruzo, na ufa mwembamba kama unywele, upande wa kisogoni, mahali ambapo mimi nikiivaa siuoni. Hitimisho: helmeti nzuri sana. Kitu kilichofanya kazi yake vizuri hakitupwi.

Lucky alipita nikiwa bado chini. Lucky ni dereva mwenzangu wa bodaboda pale kijiweni, kijana, ana helmeti mpya nyekundu. Aliuliza kama nimeumia. Nikamwambia nakagua tairi. Nikinunua helmeti sasa, Machame yote itajua nilianguka.

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi nilimfuata Mwalimu Loveness. Anafundisha shule ya msingi huko juu, kilomita nne za kupanda, na tangu Januari mimi ndiye ninayempandisha na kumshusha. Nina mpango wa kumwoa. Bado hajaarifiwa.

Jambo ambalo sikulifikiria: abiria hukaa nyuma. Kilomita nne nzima alikuwa anatazama kisogo changu. Tulipofika aliuliza ule ni ufa au nini. Nikasema ni unywele. Akajaribu kuutoa kwa ukucha. Haukutoka.

Jioni niliitwa na Mama Mektrida, ambaye ni mama mdogo wa Loveness na ndiye anayeishi naye. Nesi mstaafu. Nilimpa shikamoo, akaipokea, akaipokea na helmeti. Alibonyeza kwa kidole gumba ile sponji nyeupe ngumu ya ndani, pale nyuma. Kidole kikaacha shimo. Akaeleza kwamba sponji ile husagika ili ubongo usisagike, na ikishasagika hairudi. Helmeti ikigonga mara moja imekwisha, hata ikiwa inang'aa. Amefanya kazi wodi ya majeruhi miaka ishirini na miwili na amewasikia wengi waliokuwa wamepanga kubadilisha wiki ijayo. Au amesikia kwa ndugu zao, kwa sababu wenyewe walikuwa hawasemi.

Uamuzi wake: Loveness hapandi kwangu mpaka nibadilishe. Nikamkumbusha kwa heshima kwamba yenye ufa ni yangu, ya abiria ni nzima.

“Dereva akizimia,” akasema, “abiria anaendeshwa na nani?”

Swali gumu. Nitalifikiria.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeshuka Moshi mjini kwa Salehe, fundi wa rangi. Tumekubaliana nyeusi, ya kung'aa, ipakwe mara mbili. Salehe alionya kwamba rangi ya dawa kali inaweza kula plastiki na kuilegeza zaidi. Nikamwambia basi apake haraka kabla haijala.

Nikamwomba pia, Mama Mektrida akimpigia simu, aseme ni mpya kutoka dukani. Amekataa. Amefunga, hawezi kusema uongo. Nikauliza, na baada ya kufuturu? Aliendelea kukoroga rangi kana kwamba nimeshaondoka.

Ijumaa, 14 Machi

Helmeti inang'aa mpaka najiona pua. Kijiweni wameisifu. Efraimu, mwenyekiti wetu, aliuliza kama ni mpya. Nikamjibu, kwani inaonekanaje? Huo si uongo.

Getini kwa Mama Mektrida mambo yalichukua sekunde tatu. Alinusa. Aligeuza. Alibonyeza palepale. Shimo lake la Jumanne lilikuwa bado linamsubiri.

Loveness alinitazama kwa huruma, halafu akapanda kwa Lucky, ambaye sijui nani alimwambia apite pale saa ile. Niliwafuata kwa mbali hadi shuleni, kwa ajili ya usalama barabarani. Lucky anaendesha taratibu mno. Naona anafanya makusudi.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeamua kumaliza ubishi hadharani. Nilichuma papai kwenye kihamba, shamba la mama la nyumbani, kubwa kama kichwa changu, nikalifunga ndani ya helmeti kwa mkanda wa kidevuni, nikapanda ngazi mpaka kwenye paa la kibanda cha kijiwe. Nilikuwa nimewaalika wote. Mama Mektrida alikuja na kigoda chake. Loveness alisimama karibu na Lucky, nadhani kwa sababu ya kivuli.

Nilitoa hotuba fupi. Nikaiachia.

Ilitua kisogo chini. Helmeti ilifunguka kufuatia ule ufa, vipande viwili, na papai likatapakaa hadi kwenye viatu vya Efraimu. Kuku alifika kabla ya mtu yeyote kusema neno.

Nikiwa bado juu nilieleza kwamba papai halina mifupa, na tena lilikuwa limeiva kupita kiasi. Hakuna aliyecheka. Hata Lucky. Mama Mektrida aliinuka, akachukua kipande kimoja, akakitazama ndani, akaniambia bila kupaza sauti:

“Pigo la kwanza ilikukinga. La pili ndilo hili. Shuka, mwanangu.”

Nilishuka. Nilifagia mwenyewe.

Mama yangu ameuliza papai liko wapi. Alikuwa amemwahidi mchungaji.

Jumatatu, 17 Machi

Baada ya shule Loveness alikuja kijiweni kwa miguu na kusema twende mjini, mimi na yeye, kwa basi, kwa sababu hapandi pikipiki na mtu asiye na helmeti. Nikavaa shati la Jumapili.

Dukani dada mmoja anayeitwa Ummy alinivisha saba. Alinitaka nitikise kichwa: helmeti ikicheza, si yako. Alipitisha vidole viwili chini ya mkanda. Ya nane, ya bluu, ilikaa kama imezaliwa nami. Ummy akasema hata nisipoanguka niibadilishe baada ya miaka mitano, maana jua na jasho navyo huila polepole. Nikianguka, nisisubiri hata siku moja. Loveness akatoa kalamu yake nyekundu akaandika tarehe ndani, kwa mwandiko wa ubaoni. Nikakaribia kumwarifu ule mpango. Nikasema asante.

Tuliporudi kijiweni nilimpeleka kwao kwa pikipiki. Mama Mektrida alibonyeza sponji, ikagoma kuingia, akanipa ndizi mbivu tatu. Lucky alikuwa barabarani na ameona yote. Sina la kuongeza.

Jumatano, 19 Machi

Leo nimetafakari maneno ya Ummy kwa kina. Jua linaila. Jasho linaila. Kuanguka kunaiua. Kwa hiyo helmeti isiyopelekwa juani, isiyotiwa jasho na isiyopanda pikipiki haiwezi kufa kamwe. Ajabu kwamba Ummy mwenyewe, pamoja na ujuzi wake wote, hajaliona hili.

Nimeirudisha kwenye mfuko wake wa nailoni na kuiweka juu ya kabati la mama, kando ya sahani za wageni. Hata mwandiko wa Mwalimu hautafutika.

Ya kufanyia kazi nimeazima kwa Aminieli, jirani, ambaye aliacha bodaboda mwaka juzi. Nilimuuliza kwa nini haivai tena. Amesema alipata ajali mbaya pale darajani na helmeti hiyohiyo ndiyo iliyomwokoa.

Nimefurahi sana. Kesho asubuhi namfuata Mwalimu nikiwa na helmeti yenye uzoefu.