Joto la Digrii Laki Moja Laitwa Vuguvugu

Kirua Vunjo,
Moshi,
14 Agosti 1983

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nieleze jinsi sayansi ilivyonikosea. Mimi ni mkulima wa kahawa na ndizi. Binti yangu Zita, anayesoma fizikia Ulaya, alikuja likizo mwezi uliopita, na tangu siku hiyo nyumba yangu haijatulia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilimuuliza kazi yake. Akasema wanapiga kipande chembamba cha aluminiamu kwa mwanga wa leza mpaka kinakuwa plazma, kitu ambacho si kigumu, si maji, wala si mvuke. Ndugu Mhariri, duka letu la kijiji halijaona sufuria tangu Pasaka. Sisi tunapikia debe, wao aluminiamu ya sufuria wanaiteketeza makusudi.

2. Joto lake ni digrii laki moja, nao wanaliita vuguvugu, kwa kuwa katikati ya jua kuna joto kali zaidi. Huku vuguvugu ni maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Juzi kwa jirani aliyejifungua, mkunga alipomwagiza mke wangu Digna maji vuguvugu, Digna aliuliza kwanza: ya Zita au ya Kirua?

3. Kipimajoto hawatumii, kingeyeyuka. Plazma hiyo hutoa eksirei, nao huzichambua zikaonekana kwenye filamu kama mistari. Wakilinganisha nguvu ya mistari wanajua joto. Mistari ikinenepa wanajua chembe zimebanana. Nikasema hiyo ni ramli. Zita akanitazama usoni, akasema, "Baba, hata mistari ya paji lako imebanana. Una hasira." Nilikuwa nayo, lakini sikuwa nimeitangaza.

4. Habari zikafika kilabuni. Mzee Ndelilio akaikataa mbege, pombe ya ndizi anayoipika dada yangu Salvina, bila kuionja, akidai mistari yake ni minene. Salvina hasemi nami, kana kwamba fizikia niliileta mimi.

5. Sasa Zita anataka kurudi huko miaka mitatu tena, na fomu inataka sahihi ya mzazi. Nilimwambia hata huku kuna homa za kupima. Akanijibu taratibu, "Baba, vingine havigusiki. Lazima mtu ajifunze kuvijua kwa mbali." Nikaanza kutafuta chumvi iliyokuwa mbele yangu, na mzazi kutafutishwa chumvi mezani kwake ni udhalilishaji.

Kwa hiyo naiomba serikali izuie digrii zote zinazozidi mia moja kupanda huku mlimani, na Zita apangiwe kufundisha sekondari ya jirani, nimwone kila Jumapili.

Wasalimu wapiga chapa wote na familia zao. Sisi huku ni wazima, isipokuwa kwa hayo niliyoyataja.

Ni mimi, mwenye subira iliyobaki kidogo,
Athanas Mlay

Tanbihi: Kama hujaichapa, usiichape. Fomu nimeisaini leo asubuhi. Zita ameniachia filamu moja ya mistari yake, nimeibandika dirishani. Ndelilio alipita akaiita mikwaruzo, nikamweleza mstari mmoja mmoja mpaka kahawa ikapoa. Kama yupo msomaji anayebisha, naye aje aione. Asubuhi ndipo inapoonekana vizuri.