Umati Niliompelekea Mama Nangila

Jumatatu, 2 Februari 2026

Nimemalizana na viatu vya mitumba. Si kwamba viatu vimenimaliza mimi, kama mke wangu Njoki anavyowaambia majirani. Nimeitwa kwa kazi kubwa. Siasa!

Nilianzia chini kabisa. Uchaguzi mmoja nilishika bango, upande wa nyuma. Uliofuata nikapanga viti. Sasa Mama Nangila, mwenye duka la hardware hapa Bondeni, anawania kiti cha MCA, yaani mwakilishi wa wadi, na anatafuta mratibu wa mtaa. Ni mimi au Odero. Ametuambia wazi: Jumamosi kila mmoja alete watu, atakayeleta wengi ofisi ni yake. Ofisi yenyewe ni chumba nyuma ya mifuko ya simiti. Lakini kina meza.

Odero ana spika. Mimi nina akili.

Njoki amesema hii isipoenda, narudi sokoni na magunia yangu, na asisikie tena neno kampeni nyumba hii. Nimekubali haraka, kama mtu asiye na wasiwasi.

Jumatano, 4 Februari

Odero amezunguka tangu asubuhi akilipaza jina la Mama. Vumbi na kelele. Tulipokutana kwa kibanda cha chai akaniuliza, "Omera, ndugu yangu, watu wako wako wapi, ama unawafuga kwa nyumba?" Kibanda chote kikacheka. Nikacheka pia, lakini kwa hasara.

Nikirudi, wazo likanipata! Mzee Okeyo, mstaafu wa reli, ni mwenyekiti wa chama cha kusaidiana msiba cha watu wa magharibi. Wengi wao walizaliwa hapa hapa Nakuru. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi wanajaa ukumbi wa mtaa, maana asiyefika anatozwa faini. Umati unaojileta wenyewe!

Nimemwendea Mzee kwa adabu zote. Nikamwomba Mama asalimie watu kidogo tu. Akasema anawajua wanasiasa, husalimia kidogo mpaka jua linatua. Nikaapa. Akauliza kama kutakuwa na chai. Nikasema na mandazi juu. Akakubali.

Njoki ameuliza kama hao watu wangu wanajua kwamba wao ni wangu. Njoki haelewi mikakati.

Ijumaa, 6 Februari

Leo nimeshughulikia ile spika. Nilimshauri Wangare, kiongozi wa kwaya, aiazime kwa mazoezi. Odero akampa bila neno. Nikajipongeza njia nzima.

Jioni nikajua ni kwa nini alimpa. Mazoezi yamehamishiwa baraza ya ploti inayopakana na yetu, na Odero mwenyewe ndiye anayeshika waya. Wimbo mmoja, ubeti mmoja, spika imeelekezwa dirishani kwetu. Njoki ameuliza hilo wazo ni la nani. Nimesema watu wengine hawana kazi.

Jumamosi, 7 Februari

Ukumbi umejaa! Watu mpaka madirishani! Odero ameleta kikundi kilichotosha benchi moja, na mmoja wao ni mama yake mzazi. Mama Nangila akanishika bega na kuniita mratibu. Alisema kwa sauti ndogo, lakini nilisikia.

Akahutubia. Makofi. Halafu, badala ya kuketi kama mtu mwenye shukrani, akasema wanaopiga kura wadi hii wainue mikono awaone.

Ukainuka mkono wa mwuza mandazi. Basi.

Nikadhani hawajasikia. Nikarudia swali kwa sauti kubwa. Wakanitazama kwa huruma. Mzee Okeyo akasimama, akavua kofia, akaeleza polepole: hapa wanaishi, hapa wanazaa, lakini kura zao ziko nyumbani. Siaya, Vihiga, Busia. Kila uchaguzi chama hukodi mabasi. Nilikuwa sijui? Nilikuwa sijui. Mama Nangila akanigeukia. Usoni alikuwa na subira nyingi sana. Inatisha.

Hapo Odero akaita kutoka nyuma, na hakuhitaji spika: "Na Hiram je? Mkono wake mbona hatuuoni?"

Mkono wangu ulikuwa mfukoni. Kura yangu iko Njoro, kwa shangazi, tangu nipate kitambulisho. Sikuwahi kuihamisha. Kila nikitaka kwenda, nilikuwa nashughulika kuwahimiza wengine.

Ukumbi ulicheka mpaka watoto wa nje wakaja kuona kuna nini. Nikasema ngoja niangalie chai. Chai haikuwa na shida yoyote. Nikaipita, nikaenda nyumbani.

Jumapili, 8 Februari

Sijaenda kanisani. Njoki ameshusha magunia ya viatu kutoka juu ya kabati na kuyapangusa vumbi.

Alasiri nikasikia Mzee Okeyo akibisha. Nikakimbilia choo cha ploti. Kulikuwa na foleni. Nikarudi.

Kumbe nilipotoka, Mama Nangila hakutoka. Aliketi katikati ya akina mama, akauliza mbona kura ziende safari na wenyewe wanaishi hapa. Mzee akamwambia kule nyumbani mwaniaji anafika mpaka mlangoni, anakujua wewe na baba yako. Hapa hakuna aliyewahi hata kuwauliza mtaro wao unamwaga wapi. Basi Mama akauliza unamwaga wapi. Wakampeleka. Akaukanyaga na viatu vyake vya mkutano. Waliporudi ukumbini wakakubaliana: anayetaka kuhamishia kura huku, ahamishe. Si wote. Lakini ni wengi!

Nikauliza kama nilitajwa. Mzee akasema nilitajwa, ila leo ni Jumapili, hawezi kuyarudia.

Jumatatu, 9 Februari

Mama Nangila ameniita. Nimeenda.

Akasema mimi ni mtu wa ovyo. Nikakubali. Akasema nilimwuzia umati usio wangu. Nikakubali hilo pia, ili tufike haraka. Kisha akasema waniaji wengine wote hawajawahi kukanyaga ukumbi ule, kwa sababu wanajua hauna kura. Ni mimi peke yangu nisiyejua, na ujinga wangu umemfikisha mahali ambapo wajanja hawakufika. Kwa hiyo ofisi ni yangu. Sharti: nihamishe kura yangu kesho, halafu niwasindikize wengine wakahamishe zao.

Nimeshusha pumzi mpaka vumbi la simiti likainuka. Mama akapiga chafya. Nikaondoka kabla hajabadili mawazo.

Jumanne, 10 Februari

Ofisi ya uchaguzi. Foleni. Mbele yangu, shingo ninayoijua.

Odero! Kura yake iko Ugunja, kule Siaya, mpaka leo. Tukatazamana kama watu waliokutana kwa mganga. Tukapatana papo hapo: yeye hakuniona, mimi sikumwona. Alinishikia nafasi nikanunua njugu, tukala pamoja. Si mtu mbaya akiwa kimya.

Nimehamisha. Afisa ameniambia karibu Bondeni. Nimeishi huku tangu nioe, lakini nimeshukuru. Mwili mwepesi! Njoki amepika chapati na kuyarudisha magunia juu ya kabati. Amesema ni kwa muda.

Jumatano, 11 Februari

Siku ya kwanza ofisini. Mama Nangila anataka mkutano wa vijana Jumamosi, na amesisitiza nichunguze vizuri. Nimechunguza. Timu kutoka Kericho inakuja kucheza uwanjani kwetu Jumamosi hiyo hiyo, na mashabiki wake wanakuja kwa mabasi, na ngoma zao, wakiwa tayari wanaimba. Vijana watupu! Nitamweka Mama pale langoni wakishuka.

Njoki alifungua mdomo kuniuliza kitu. Nimemwambia, mke wangu, mambo mengine mwachie mratibu.