Ombi la Kuacha Simu za Kobe na za Jogoo Zisielewane

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Ushindani wa Biashara.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Pokea heshima zangu. Kabla sijafika kwenye lalamiko, ni lazima niungame jambo ambalo sijamwambia mtu mwingine yeyote, hata Bibi, ambaye huwa namwambia karibu kila kitu. Salamu zote ambazo baba yangu na dada yake wamepokezana tangu walipogombana nimezitunga mimi. Baba hajamsalimu Shangazi hata mara moja. Shangazi naye hajamsalimu Baba. Wote wawili wanaishi vizuri kwa salamu zangu, na sasa Mamlaka yako inataka kuwaharibia.

Nimesoma tangazo lenu lililobandikwa kwenye kibanda cha simu cha binamu yangu. Linasema kwamba kuanzia mwezi ujao simu za kampuni ya Kobe na simu za kampuni ya Jogoo zitalazimika kupokeleana ujumbe na picha bila kizuizi, ili mteja awe huru kuhama upande mmoja kwenda mwingine na kampuni zigombee wateja kwa haki. Naelewa kwamba nia yenu ni njema. Nimemaliza shule mwaka huu, na somo la biashara nililipenda. Lakini aliyeandika agizo hilo hajawahi kufika nyumbani kwetu. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Agizo halikuzingatia hali ya soko katika familia yetu. Tuko watu tisa. Wanne wana simu za Kobe, wakiongozwa na Baba, mwenye duka la fotokopi. Watatu wana simu za Jogoo, wakiongozwa na Shangazi, fundi wa cherehani, ambaye chumba chake cha kazi kinatazamana na duka la Baba, barabara tu katikati. Wanaobaki ni Bibi, mwenye simu ya vibonyezo, na mimi, ambaye sina simu kabisa. Baba hutuhesabu mimi na Bibi kuwa watu wa Kobe, kwa kuwa "hao watakuja tu." Binamu, mtoto wa Shangazi, anauza simu za Jogoo na mtaani wanamwita Asilimia. Naye hutuhesabu kuwa watu wa Jogoo, kwa sababu hiyo hiyo. Ukijumlisha takwimu za pande zote mbili, familia yetu ina asilimia mia moja na ishirini na mbili. Soko la namna hii linahitaji kuachwa lipumzike.

2. Ugomvi wenyewe uliletwa na picha. Ukuta wa chumba cha Bibi ulipata ufa. Baba akaupiga picha kwa Kobe yake na kumtumia Shangazi ili washauriane kuhusu matengenezo. Kwa kuwa simu hizi hazipendani, picha ilifika kwenye Jogoo ikiwa ndogo kama stempu, tena yenye ukungu. Shangazi akajibu, "Mimi naona moshi tu." Baba akaelewa kwamba ameitwa mwongo. Akamwambia mwenye macho hununua simu ya kuonea. Shangazi akasema simu ya kaka yake ina bei ya ng'ombe na haitoi hata maziwa. Kabla jua halijazama walikuwa wameshaacha habari za simu, wanaulizana nani alimuuguza marehemu Babu na nani alikuja msibani na miwani ya jua. Tangu hapo kila mmoja ameapa kwamba hatampigia mwenzake mpaka mwenzake aanze. Bibi mwenyewe amesogeza kabati mbele ya ufa na kusema suala limekwisha.

Mtu anaweza kusema kwamba picha zikianza kufika safi, ugomvi utakwisha. Hapana, Mheshimiwa. Picha ikifika safi, Shangazi ataona kwamba ufa ni mkubwa na Baba alikuwa anasema kweli. Hilo hataliweza.

3. Ujumbe utaanza kufika ukiwa na maneno yake yenyewe. Hili ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Kwa sasa mambo ya Bibi, dawa zake, zamu za kumpeleka kliniki, nani atalala kwake, yote yanapita kwangu, maana mimi ndiye ninayevuka barabara. Jumanne Baba aliniambia, huku akipambana na karatasi iliyokwama ndani ya mashine, "Mwambie yule mwenye simu ya kuwika kwamba kliniki ya Bibi ni Alhamisi na ni zamu yake. Asije akajifanya hakujua."

Nikavuka. Shangazi alikuwa na pini mdomoni. Nikamwambia, "Shikamoo Shangazi. Baba anakusalimu sana, anauliza mgongo unaendeleaje, na anakukumbusha kliniki ya Bibi Alhamisi, ukipata nafasi." Shangazi alizitoa pini moja moja. "Mgongo wangu ameujulia wapi huyo?" Nikasema huwa anamwona dirishani anavyojinyoosha. Akasema, "Mwambie nimesikia, mimi si kiziwi. Na yeye aache kuweka soda juu ya ile mashine, itamlipukia apotee na fotokopi zake." Nikarudi nikamwambia Baba kwamba Shangazi anashukuru kwa kukumbushwa, atampeleka Bibi, na ana wasiwasi na usalama wake kazini. Baba aliitazama ile soda. Akaiondoa akaiweka chini.

Sasa fikiria, Mheshimiwa, maneno yale yangepita kwenye simu kama yalivyotoka. Bibi angefikaje kliniki?

4. Agizo litaninyang'anya kazi. Mimi ni mtu wa haya. Shuleni, nikiulizwa swali ninalolijua, jibu lilikuwa linakwama kooni mpaka mwalimu anamgeukia mwingine. Dukani, mteja akisema "nakala mbili, mbele na nyuma," huwa naitikia kwa kichwa. Lakini nimegundua kwamba nikibeba maneno ya mtu mwingine sauti yangu inatoka. Nikishaanza na "Baba anasema" au "Shangazi anasema," naweza kusema hata yale ambayo ningetamani kuyasema mwenyewe. Kwa mujibu wa somo la biashara, hii ni huduma inayojaza pengo lililopo sokoni. Nakiri kwamba katika huduma hii soko lote ni langu na sina mshindani, jambo ambalo sheria yenu inalikataza. Niko tayari kuchunguzwa. Naomba tu nichunguzwe kwanza, ndipo soko langu lifutwe.

5. Agizo litazuia bidhaa ambazo simu haziwezi kuzitoa. Mwezi uliopita nilizidisha kidogo. Nilimwambia Shangazi kwamba Baba ameyasifu mapazia aliyomshonea mwenye duka la dawa. Ukweli ni kwamba Baba hajui hata kama pale dirishani kuna mapazia. Baada ya siku chache Shangazi akanipa kifurushi kilichofungwa kwa gazeti. Ndani mlikuwa na shati la kijivu. "Mpelekee. Kola ya lile lake la bluu inaniaibisha hata mimi niliye ng'ambo ya pili." Mimi nilimwambia Baba tu kwamba dada yake amemkumbuka. Alilijaribu nyuma ya mashine ya fotokopi. Mabega yalikaa vizuri, mikono ikaishia pale mikono inapotakiwa kuishia. Akaniuliza alipimwa lini. Hakupimwa. Alibaki amesimama na vidole kwenye kifungo cha juu mpaka mteja akagonga kaunta. Naomba wataalamu wa Kobe na wa Jogoo waulizwe kama katika toleo lao jipya shati limo.

6. Asilimia anasema simu zikishaunganishwa, kila mmoja ataona saa ambayo mwenzake ameusoma ujumbe wake akakaa kimya. Hapa sina la kuongeza.

Kwa sababu hizo, naomba Mamlaka itengue agizo lake nchi nzima. Ikishindikana, basi barabara iliyo kati ya duka la Baba na chumba cha Shangazi itangazwe kuwa eneo maalumu ambamo Kobe na Jogoo hawaruhusiwi kuelewana. Ikishindikana hata hilo, kampuni zote mbili zilazimishwe kuajiri, kwa kila familia iliyogombana, msichana mmoja mwenye haya. Ujumbe wote upitie kwake kwanza, naye apewe barabara ya kuvuka ili apate muda wa kufikiri. Kuwafundisha naweza. Familia zilizogombana ni nyingi, kwa hiyo sote tuliomaliza shule mwaka huu tutapata nafasi, na wale wasio na haya watapewa kazi ya kusimamia.

Nimalizie hapa ili nisikuchoshe. Baba anakusalimu na anakupa pole kwa majukumu. Shangazi anakusalimu pia, anauliza watoto wanaendeleaje. Bibi anasema yeye yupo, anakuombea. Asilimia anawasalimu wote wa kitengo cha takwimu. Nifikishie salamu kwa naibu wako, makarani, dereva, na mlinzi wa getini, ambaye nadhani watu wengi humpita tu.

Ni mimi, kwa heshima,
Binti wa duka la fotokopi

N.B. Nilichelewa kuituma barua hii, na wiki hii mambo yamebadilika. Simu zote za Kobe na za Jogoo zimeleta maandishi: "Sasa unaweza kupokea ujumbe na picha kutoka upande wa pili bila kizuizi." Chini yake kuna vitufe viwili, Kubali na Baadaye. Asilimia alizunguka kwa ndugu wote akiwabonyezea Kubali. Kwa Baba alifukuzwa, akaambiwa kuna wateja, ingawa hapakuwa na mteja. Alipoondoka, Baba aliniita, akanionyesha kwamba ameshabonyeza Baadaye. Akasema, "Mwanangu, nimekua chumba kimoja na dada yangu. Asante yake ilikuwa haitoki mpaka Mama ashike mwiko. Sasa najua hizi za kila siku zinatoka kwa nani. Wewe endelea kuzileta. Ila usimwambie kwamba najua."

Nikavuka. Shangazi naye alikuwa amebonyeza Baadaye. Akasema, "Baba yako, siku ya harusi yangu, alinipungia mkono kama mtu anayesimamisha teksi. Leo ndiyo aamke kila asubuhi ananiulizia hali? Haya, kaa hapo, niambie leo amesema nini. Na usimwambie kwamba najua."

Kwa hiyo hoja zangu zote sita hazina msingi, maana kumbe aliyekuwa akidanganyika ni mimi peke yangu. Agizo lenu na liendelee, mradi kitufe cha Baadaye kisiondolewe. Lakini wote wawili nimeshawaahidi. Tafadhali, Mheshimiwa, usimwambie Baba, usimwambie Shangazi, na hapo ofisini usimwambie mtu yeyote, hasa aliye na kaka au dada.