Jibu Tupu la Chumba cha Baridi

Kuanzia Jumatatu iliyopita, Ofisi ya Ubaridi wa Mwambao, hapa Gisenyi, haina tena jambo isilolijua. Mkurugenzi Nzeyimana alilitangaza hilo akiwa juu ya kreti ya bia, ili hata waliokaa nyuma waione tai yake.

Ofisi yetu ina chumba kimoja cha baridi kando ya ziwa, ambamo wachuuzi wa Nyamyumba huhifadhi isambaza, vidagaa vya Kivu, hadi siku ya soko. Kwa chumba hicho kimoja tuna mkurugenzi, mshauri wa mkurugenzi na kamati ya watu saba. Sasa tuna pia wakala wa akili mnemba. Mchuuzi anapiga simu kuuliza kama chumba kina baridi. Wakala anatumia chombo kinachochota takwimu kwenye vipimo vya chumbani, kisha anajibu.

Wakala wa namna hiyo hajui lolote kuhusu chombo chake ila alichoandikiwa. Hana jirani wa kumuuliza wala pua ya kunusia. Kwa hiyo lazima mtu aandike maelezo: chombo kinachota nini, hakichoti nini, na kikirudi mikono mitupu afanyeje. Kazi hiyo nilipewa mimi, Uwera, kwa kuwa nina diploma na sentensi zangu husimama bila kushikiliwa. Niliandika nusu ukurasa. Sentensi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa hii: "Jibu likiwa tupu, kipimo kimenyamaza, sema hujui, na utume mtu akaangalie."

Kamati iliikalia sentensi hiyo siku nzima.

"Bon, mademoiselle Uwera," alisema Mkurugenzi. "Hii 'hujui', ni nani asiyejua?"

"Wakala, Mkurugenzi."

"Anayesema kwa jina la ofisi. Donc ofisi haijui." Akawatazama wanakamati, wakasikitika kwa zamu.

Vénuste, mshauri wake, akasafisha koo. "Chef, katika ripoti zetu, safu ya matatizo tukiiacha tupu, Kigali wanaelewa kwamba hakuna tatizo."

"Voilà! Mutu amesoma!"

"Lakini umeme ukikatika, kipimo kinanyamaza," nikasema. "Na hapo ndipo samaki wanapoanza kuoza."

"Mademoiselle, unaandika kama mutu anayetaka samaki ioze."

Ikapitishwa: "Jibu likiwa tupu, maana yake hakuna tatizo." Wakaongeza utangulizi wa shukrani, wasifu wa Mkurugenzi, na agizo kwamba kila jibu lianze kwa kuutambua uongozi. Nusu ukurasa wangu ukawa kitabu. Nilipinga kwa mdomo, nikapinga kwa maandishi, kisha nikaandika nilivyoamriwa bila kukosea hata nukta. Mwishowe Mkurugenzi akatoa waraka: maswali yote kuhusu chumba yapitie kwa wakala, na mtumishi yeyote asijibu kwa macho yake.

Sasa turudi kwenye kreti ya bia, mbele ya chumba cha baridi. Wageni wa Kigali, walioalikwa kwenye uzinduzi, walikuwa wanapiga makofi, Mukankusi, mchuuzi wa Nyamyumba, alipopenya katikati ya viti na beseni tupu kichwani.

"Patron, isambaza yangu iko mu chumba tangu juzi, na umeme umekatika tangu jana. Sasa hivi nimefungua mulango kidogo, harufu imenipiga kofi! Na simu yenu, kila nikiuliza, inasema iko bien, iko muzuri. Ile samaki ni mutaji yangu yote!"

Mkurugenzi aliwachekea wageni, akampigia wakala simu na kuwasha spika, wote wasikie.

"Chini ya uongozi wenye maono wa Mheshimiwa Mkurugenzi Nzeyimana, nina heshima kukujulisha kwamba hakuna tatizo."

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia. Sasa ingia, unuse."

Aliingia, tai mbele. Upepo wa ziwa ukaubamiza mlango nyuma yake, komeo la nje likakwama. Kitasa cha ndani kilikuwa kimeng'oka tangu masika. Nilikiandika kwenye safu ya matatizo, Vénuste akakifuta ili ripoti ipendeze.

Tukasikia ngumi. Jado, mlinzi, akachukua mtaimbo.

"Utaratibu!" Vénuste akamzuia. "Waraka ni waraka." Akapiga simu. "Je, kuna mtu amefungiwa ndani?"

"Chini ya uongozi wenye maono wa Mheshimiwa Mkurugenzi Nzeyimana, hakuna tatizo."

Ndani, Mkurugenzi naye alikuwa amepiga. Tuliwasikia wote wawili, yeye na wakala, kupitia bati la mlango. "Ni mimi! Mimi mwenyewe Nzeyimana! Niko ndani!"

"Chini ya uongozi wenye maono wa Mheshimiwa Mkurugenzi..."

"Acha uongozi! Leta mutu!"

Mukankusi aligeuza beseni lake, akalikalia mbele ya mlango. "Vuta pumzi, patron. Iko bien."

"Mama, nakufa na harufu!"

"Harufu ya nini? Isambaza yangu iko muzuri, ama imeoza?"

"Imeoza! Imeoza yote!"

"Na ofisi ilijua, ama haikujua?"

Wageni wa Kigali wakasogeza viti karibu.

"Ofisi haijui kitu!" alilia Mkurugenzi. "Haijui chochote! Nitalipa yote, fungueni!"

Mukankusi akainuka, akampisha Jado na mtaimbo wake. Mlango ulipofunguka, wageni walirudi nyuma kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza hawakungoja itifaki.

Sentensi yangu imerudishwa mahali pake. Sasa umeme ukikatika, wakala anasema, "Sijui, namtuma Jado," na Jado anaenda. Mukankusi amelipwa, na samaki wapya wanalala salama.

Mkurugenzi naye ameniandikia. Anataka maelezo ya majuto yangu kwa kutunga maneno yaliyomdhalilisha kiongozi mbele ya wageni, ingawa maneno hayo aliyapitisha yeye na kamati yake. Nimemrudishia karatasi tupu. Kwa uamuzi wa kamati, anajua inavyosomwa. Na kama ameusahau uamuzi wake mwenyewe, namwandikia waziwazi: siombi radhi.