Ubao Uliopigwa Muhuri Mgongoni

Ibra, Jumamosi, 1998

Kwa Mheshimiwa Mkaguzi wa Mbao, Sur,
yaani weye Hood, mtoto wa marehemu dada yangu.

Mheshimiwa Mkaguzi,

Assalaam alaykum. Nakuita Mheshimiwa kwa kuwa jambo hili ni la serikali, ingawa mimi ndiye niliyekufundisha kuvaa viatu. Kwa hiyo usinijibu kama mpwa. Nijibu kama ofisi. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikumwita mtu kunisaidia, na naandika kwa Kiswahili kwa makusudi, maana Adham Kiswahili anakisema kwa kuokoteza, kukisoma hawezi. Herufi zangu ukiziona kubwa ujue na jambo lenyewe ni kubwa.

Kabla sijalalamika, mujue huko ofisini anayelalamika ni nani. Mbao mimi sikuzisoma kitabuni. Nimezaliwa juu ya kitanda cha msaji. Nimetiwa adabu kwa bakora ya mpingo. Nimetoka Unguja kuja huku Omani nimekalia sanduku la mvule njia nzima, na mpaka tunafika mvule ule ulikuwa ushanizoea. Hapa Ibra hapana mtu aliyegusana na mbao kwa karibu kuliko mimi. Nikiugonga ubao kwa kidole, unajibu.

Sasa sikiliza kisa. Mjukuu wangu Maram kaposwa na huyo Adham, kijana wa Aija, hapo hapo kwenu Sur, anayefanya kazi na makontrakta wa kuezeka mapaa. Wazee wake walikuja, watu wa adabu, nikawaambia warudi Alkhamisi ya pili wachukue jawabu. Jawabu lilikuwa ndiyo. Kila mtu alijua ni ndiyo, na halwa ishaagizwa. Lakini nikaona ndiyo haiwezi kutolewa ndani ya majlis ambayo kuta zake zinawamwagia wageni chokaa mabegani. Nikanunua plaiwudi, nikaigongomea mwenyewe, ukuta kwa ukuta, na dari juu. Fundi sikumtaka, kwa sababu fundi anakuja na mawazo yake.

Kila ubao ulikuwa na muhuri wa wino upande mmoja, herufi na nambari, muhuri mzuri wa Kizungu. Mimi nikautoa mbele, usawa wa macho ya mtu aliyekaa chini na kikombe cha kahawa. Weye unanijua. Jokofu letu lina karatasi yake ya kiwandani mlangoni mpaka leo. Viti vya gari yangu vimo ndani ya nailoni yake. Kilemba changu nakifunga kwa namna ambayo alama ya kiwanda ionekane na aliye mbele na aliye ubavuni. Kitu chenye muhuri ni kitu kilichoonwa na mtu mwenye madaraka, na mwenye akili hakifichi.

Wageni wakaja, na jirani yangu Hamdun nikamwalika awe shahidi wa ile ndiyo. Adham akakaa, akausoma muhuri uliokuwa karibu na sikio lake. Akaupapasa ubao. Akautazama na wa pili wake. Halafu akaniinamia kwa heshima zote akaniambia:

«Babu, samahani. Uso wake iko ukutani.»

Alisema polepole, lakini Hamdun masikio yake hayajazeeka kama meno yake. Kahawa ikamtoka puani. Babake Adham, kwa adabu yake, akanyanyua macho ili asinitazame, akakutana na dari, na dari nayo ni ile ile. Nikasimama nikasema jawabu la posa limeahirishwa mpaka serikali irekebishe mihuri. Nilichokisema nimekisema. Wazee wamerudi Sur mikono mitupu, halwa tumeila wenyewe bila ya furaha, na Maram yuko baina ya ndiyo na muhuri, ananingoja mimi, na mimi nakungoja weye. Malalamiko yangu haya hapa.

1. Muhuri kuwekwa nyuma. Eti Adham anasema kiwanda kinapiga muhuri mgongoni mwa ubao ili uso usichafuke kwa wino. Nakuuliza weye mwenye ofisi: pasi yako ya kusafiria ina muhuri wapi? Ndani, kwenye karatasi nzuri, au umeshonewa mgongoni mwa kanzu? Anayeficha muhuri ana lake jambo. Mimi nilidhani watu hawa wametutumia mbao kwa nia njema.

2. Herufi mbili kwa ubao mmoja. Muhuri umeandikwa A, halafu kistari, halafu C. Mimi nilipoiona ile A nikashukuru Mungu, ile C nikaidhania ni jina la ukoo. Adham kaeleza, na aliyemwomba aeleze ni Hamdun, kwamba A ni daraja la uso na C ni daraja la mgongo, kwamba A ni laini ya kupigwa rangi na C inaruhusiwa vifundo na matundu, na kwamba ipo mpaka D. Mheshimiwa, huu ni mtihani gani? Mtoto akirudi kutoka skuli akakwambia, baba, kwa mbele nimefaulu, kwa nyuma nimefeli, utampa zawadi au bakora? Ubao ama umefaulu ama umefeli. Na hiyo C haikupewa hata nafasi ya kurudia.

3. Viraka. Upande wa muhuri una alama zenye umbo la tende, nzuri, zimetandazwa huku na huku. Mimi nikawaeleza wageni, kabla Adham hajafungua mdomo, kwamba hiyo ni nakshi, kwamba hao waliotengeneza wamejua mbao zinakuja nchi ya mitende wakatuenzi kwa umbo la tende. Babake Adham akasema mashaallah. Baadaye nikaambiwa ni viraka, eti palikuwa na vifundo vibovu vikatolewa pakazibwa. Hata ikiwa ni hivyo, kulikuwa na haja gani ya kulisema? Mtu ukipewa tende hugombani na kokwa.

4. Nasaba. Muhuri una nambari ya kiwanda. Nikatafuta jina la mti, babake mti, msitu uliotoka, hapana. Hapa kwetu kijana akija kuposa tunamuuliza yeye nani, watu wake nani, wametoka bonde gani, na babu yake alikuwa akisali wapi. Adham tumemuuliza yote hayo mpaka akatokwa jasho. Kisha ubao unaingia majlis yangu kwa nambari tu, kama gari. Nao ndio unaokuja kunivunjia heshima.

5. Hili nimelisahau. Lilikuwa zito. Nikilikumbuka nitapiga simu.

6. Kupikwa. Zile mbao nyembamba za fremu, zilizoshika plaiwudi ukutani, zimepigwa herufi K na D, na maana yake, kwa mujibu wa huyo huyo, zimekaushwa tanuuni kabla ya kuletwa, zisije zikapinda. Hii ni dharau kwa jua la Ibra. Nani anakausha kitu ndipo akilete huku? Mwezi wa saba hapa nimemwona mbuzi akikataa kutoka kivulini hata kwa majani. Wangetuletea mbao mbichi, tukazianika uwanjani, na zikipinda tungejua zimepinda kwa jua letu wenyewe.

7. Maneno ya nje na ndani. Muhuri pia unasema gundi ya ubao ni ya kuhimili nje. Mimi nimeutia ndani, kwenye zulia na buhuri. Nimeupandisha cheo. Shukurani yake ndiyo hii.

8. Soko la Jumatano. Hapa ndipo palipoungua. Weye unajua soko letu la Jumatano ni la wanawake watupu, mwanamume haweki mguu. Basi mke wa Hamdun kalipeleka jambo hili huko. Bi Tamima wangu alikwenda kununua kitambaa, karudi hana kitambaa, ana hadithi. Ati nimezivisha kuta nguo ndani nje. Ati mbao zangu zimenuna, zimegeukia ukuta kama mke mdogo. Wanazungumza, wanacheka, wanapokezana, na mimi siwezi kuingia nikajitetea. Nilisimama na gari upande wa pili wa barabara kutwa nzima, nimefungua kioo, labda atatoka mmoja nimweleze habari ya A na C. Walitoka wengi. Waliponiona walijifunika nyuso wakapita mbio, na mabega yao yalikuwa yanatikisika.

9. Maram. Huyu hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alikuja majlis akakaa mbele yangu, mgongo wake kwenye muhuri, akaniuliza, «Babu, anayenioa ni Adham au plaiwudi?» Nikamwambia mambo haya ni ya wakubwa. Akaniambia Adham angeweza kunyamaza, angekula halwa, angechukua jawabu lake akaenda zake, na Alkhamisi ile ile angewachekesha rafiki zake Sur. Yeye kaniambia mimi, sikioni. Nikamwambia aende akamsaidie bibi yake. Tokea hapo ananisalimia shikamoo asubuhi na shikamoo jioni, na baina ya shikamoo mbili hizo hapana neno. Nyumba imekuwa kimya kama duka la mtu aliyefilisika. Hili naliandika la mwisho lakini usilisome la mwisho.

Kwa sababu hizo zote, naiomba ofisi yako ichukue hatua, na mimi si mtu mgumu, nakupa njia za kuchagua.

Njia ya mwanzo, kiwanda kiandikiwe kihamishe muhuri upande wa mbele, na upande wa mbele uwe ule nilioutoa mimi.

Ikiwa kiwanda ni mbali, basi ofisi itoe amri kwamba uso wa ubao ni upande wowote unaowatazama wageni. Mtu akigeuka akakutazama, ule ni uso wake. Hapana anayemwambia rudi, uso wako uko kisogoni. Ubao una haki hiyo hiyo.

Ikiwa amri hiyo ni ndogo kwenu, itolewe kubwa: kila nyumba yenye plaiwudi, kuanzia hapo Sur mpaka Nizwa, igeuze mbao zake, vifundo nje, laini ukutani, tuwe sote sawa. Wape mwezi mmoja. Hamdun apewe wiki, ana kabati la jikoni.

Kupanga madaraja, nako, nichukuliwe mimi. Mshahara sitaki, nataka kiti kivulini na kijigari. Njia yangu ni fupi: naugonga ubao, naunusa, naukalia. Ukilia, ni mbaya. Nikilia mimi, ni mbaya zaidi. Hapana A wala C. Kuna wa kuuza na wa kumpa jirani.

Na Adham mwenyewe, maadam anaamini mihuri, apigwe wake. Apigwe mgongoni, kama anavyopenda, uandikwe: kijana mzuri, mrefu wa kutosha, anasali, anasema kweli pasipotakiwa. Nikiuona muhuri huo nitajua la kufanya na ile ndiyo.

Naamini ofisi itanijibu kwa karatasi rasmi yenye muhuri, na muhuri uwe mbele. Nakupa mpaka Alkhamisi. Baada ya hapo nitakwenda kwa mkubwa wako, na mkubwa wake, na nitawakuta wote, maana mimi sina kazi.

Msalimie mkeo Azza, mwambie samaki mkavu aliyemletea Bi Tamima alikuwa daraja la A pande zote mbili. Wasalimie watoto, wasalimie watu wote wa Aija isipokuwa nyumba moja unayoijua, na hata hiyo msalimie mamake, mama hana makosa. Na babake pia, alisema mashaallah. Wanaoniulizia waambie nipo, nina afya, na sijageuka.

Mimi niliyekulea na ninayekulalamikia,
Muhanna bin Humoud,
mjuzi wa mbao, Ibra.

Baada ya kutia saini: Ukurasa wa mwanzo utauona una matundu matundu. Usidhani ni panya. Barua hii nimeiandika juu ya kipande cha plaiwudi kilichobaki, nimekipakata, muhuri juu, kama inavyostahiki. Kila kalamu ilipopita juu ya kifundo ilitumbukia ikachana karatasi. Nikakasirika nikakigeuza. Kuanzia ukurasa wa pili, tazama mwenyewe hati yangu, kalamu imekwenda kama imepakwa samli. Nimekaa napitisha kiganja juu ya upande ule usio na muhuri mpaka Maram akapita akaniona. Aliingia jikoni kwa bibi yake, na baada ya kitambo nikawasikia wanacheka wote wawili, kicheko ambacho nyumba hii ilikuwa haijakisikia tokea Alkhamisi ile.

Kwa hiyo barua hii usimwoneshe mtu ofisini. Mwambie Adham aje Alkhamisi asubuhi na nyundo, na kitu cha kung'olea misumari, mingi sana, niliipiga kwa hasira. Wazee wake waje baada ya asri, jawabu lao liko tayari. Lakini usije ukamwambia kijana kwamba alisema kweli. Mwambie Babu kaziona mbao zimelala ubavu mmoja siku nyingi, kazionea huruma, anataka zigeuzwe.