Kinanda na Mashine Saba za Gemu

Habari ilimkuta Kinanda kwa kinyozi, upande mmoja wa kichwa umeshanyolewa na wa pili bado. Redio iliyokuwa juu ya kabati ilikuwa inatoa tangazo ambalo kila mtu mle ndani alilisikia na hakuna aliyelisikiliza. Kampuni inayotengeneza mashine za gemu, zile za kuchomeka kwenye televisheni, ilikuwa inaomba radhi. Waya wa umeme uliouzwa pamoja na toleo la mwaka huo ulikuwa na kasoro. Ukikaa kwenye soketi muda mrefu unapata joto, unayeyuka, na unaweza kuunguza nyumba. Wateja wauchomoe mara moja, kisha wapeleke mashine na waya wake kituo cha huduma, ng'ambo ya pili ya mji, wapewe waya mpya bure.

"Zima mashine kidogo," Kinanda alimwambia kinyozi.

"Nimekukata?"

"Umeniponya."

Kinanda halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na mji, kwa sababu ya mdomo wake, ambao popote ulipoubonyeza ulitoa sauti tamu. Aliwahi kumuuzia mtu kiwanja ambacho kilikuwa barabara. Aliwahi kuuza dawa ya upara huku amenyoa kipara na kuvaa kofia, na siku upepo ulipoipeperusha ile kofia, akawaeleza wateja kwamba yeye ndiye mfano wa mtu asiyetumia dawa. Wakanunua zaidi.

Sasa akakaa kwenye kiti cha kinyozi, nusu kipara, akipiga hesabu ya uvivu wa binadamu. Nani angevuka mji mzima, apange foleni juani, kwa ajili ya waya? Na nani asingemshukuru bwana mmoja mwenye adabu ambaye angemfuata mpaka mlangoni, aichukue ile mashine, amwachie risiti na tabasamu? Nyuma ya soko kulikuwa na mnunuzi wa vitu vya mkono wa pili, mtu ambaye tangu aanze biashara hajawahi kumuuliza mtu swali.

Asubuhi iliyofuata Kinanda alitokea mbele ya jengo moja la ghorofa nne lisilo na lifti. Alivaa ovaroli ya buluu. Kifuani alining'iniza kitambulisho chenye picha yake akiwa amenuna, kwa sababu aliamini maofisa wa kweli huwa hawafurahii kazi yao. Nyuma yake kulikuwa na mkokoteni wa kukodi ambao jana yake ulibeba vitunguu na harufu yake bado ilikuwa inasema hivyo.

Mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa mwenyekiti wa wapangaji, mwanamume mfupi mwenye kitita cha funguo kiunoni, nyingi zikiwa hazifungui kitu.

"Unatafuta nani?"

"Natafuta kuokoa maisha, mheshimiwa," alisema Kinanda, na akamweleza habari za nyaya. Ili kulainisha mambo akaongeza neno moja ambalo redio haikulitaja. "Na wale walioathirika, kampuni itawalipa fidia."

Mwenyekiti akapanda ngazi haraka kuliko umri wake, akarudi na waya mweusi mkononi.

"Mimi nimeathirika sana," alisema. "Mashine yangu iliungua yote. Kimebaki hiki tu."

Kinanda aliugeuzageuza ule waya. Ulikuwa wa pasi. Ulikuwa umevishwa kitambaa, kama zilivyokuwa nyaya za pasi za zamani, na mwisho wake ulikuwa bado na kipande cha mpini. Akamtazama mwenyekiti kwa heshima ya fundi anayemwona fundi mwenzake, ingawa wa daraja la chini.

"Pole sana, mheshimiwa. Jaza hapa. Jina, chumba, na saini yako kwamba mashine iliungua. Halafu nisaidie kitu kimoja. Wapangaji wako wakiniona na wewe, hawataogopa."

Basi mwenyekiti mwenyewe, kwa kiu ya fidia, akawa anambishia hodi mlango kwa mlango. Fundi saa wa ghorofa ya kwanza akatoa mashine yake. Mwalimu wa hesabu wa ghorofa ya pili akatoa yake pamoja na ya shemeji yake. Ghorofa ya tatu ilitoa tatu, na mama mmoja akamlazimisha anywe maji kwa sababu ovaroli ilionekana nzito. Kila mmoja alipewa risiti yenye mhuri wa mviringo. Mhuri ule Kinanda aliutengeneza kwa soli ya kandambili, na ukiuangalia kwa makini ulionyesha samaki, lakini nani ana muda wa kuangalia mhuri kwa makini.

Ghorofa ya nne kulikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha. Mwenyekiti alibaki chini kidogo, akasema kwa sauti ya kunong'ona, "Hapo nenda mwenyewe. Yule mama anagombea kiti changu Jumapili. Hatusalimiani."

Aliyefungua alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mpana, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Alimsikiliza Kinanda mpaka mwisho. Akamwambia aketi, amletee chai, kisha akapotelea jikoni kwa muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

Mashine yake ilikuwa chini ya televisheni, imefunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono. Ilikuwa inawaka.

"Huwa unacheza, mama?" Kinanda aliuliza mkunga aliporudi na chai.

"Mimi? Sijui hata kushika ile rimoti yake. Alikuwa anacheza marehemu mume wangu. Alikuwa na timu yake ya mpira humo ndani, ameipa jina langu. Ameiacha nafasi ya kwanza kwenye ligi." Akarekebisha kile kitambaa. "Naiwasha asubuhi, naiacha. Ukiiwasha tu, uwanja mzima unashangilia. Basi naendelea na kazi zangu."

Kinanda alitazama kikombe chake. Kuna wakati hata mtu wa kazi yake hupenda mteja asieleze mambo mengi.

"Itarudi salama, mama," alisema. "Risiti hii hapa."

"Risiti ya nini, mwanangu? Naenda nayo."

"Unaenda nayo wapi?"

"Huko unakoipeleka. Ngoja nivae viatu."

Alimweleza kwamba utaratibu hauruhusu. Mkunga akasema yeye alifanya kazi serikalini miaka thelathini na nne, anazijua vizuri taratibu, huwa zinaruhusu. Alimweleza kwamba ni mbali. Mkunga akachukua mwavuli. Dakika kumi baadaye mkokoteni ulikuwa barabarani na mashine saba, Kinanda akisukuma, mkunga akitembea pembeni na mwavuli wake kama anayemsindikiza mgonjwa wodini.

Kinanda hakuvunjika moyo. Kumpoteza mama mmoja katika mji mzima lilikuwa jambo dogo. Kwenye kona ya kwanza alimwomba akamnunulie maji. Mkunga akatoa chupa kwenye mkoba. Kwenye kona ya pili alisema kituo kimehamishwa, sasa kiko nyuma ya soko. Mkunga akaenda moja kwa moja kwa askari wa barabarani kuuliza. Askari, ambaye ilionekana alizaliwa mikononi mwa mama huyu kama nusu ya mji ule, akasema hakijahama. Kisha akasimamisha magari pande zote nne ili mkokoteni upite. Madereva wakapiga honi. Kinanda, mtu aliyekwepa askari miaka ishirini, akapita katikati yao akipigiwa saluti.

Ikabaki mteremko. Ulikuwa mrefu, na mwisho wake kulikuwa na kichochoro kinachoelekea sokoni. Kinanda alivuta pumzi, akauachia mkokoteni, na wakatimua mbio yeye na mashine zake, ovaroli ikipepea. Hakugeuka nyuma. Alipofika chini, moyo ukimpiga, mkunga alikuwa amesimama kwenye mdomo wa kichochoro, anamlipa mwendesha pikipiki.

"Una bidii," alimwambia. "Lakini utazivunja. Kulia, sio kushoto."

Basi akaenda kulia.

Kituo cha huduma kilikuwa na milango ya vioo na foleni iliyozunguka jengo. Maofisa wa kweli walivaa fulana za kijani na, jambo lililomsikitisha Kinanda, walikuwa wanacheka na wateja. Walisimama kwa muda wa saa tatu. Walipofika dirishani, binti wa mapokezi alitazama ile ovaroli ya buluu, akakitazama kile kitambulisho.

"Huyu ni nani?"

Kinanda alifungua mdomo na kwa mara ya kwanza kinanda hakikutoa sauti.

"Mpwa wangu," alisema mkunga. "Kajitolea kutubebea. Hicho cha kifuani ni cha kazini kwake."

"Vizuri. Anayeleta zaidi ya mashine moja tunachukua kopi ya kitambulisho cha taifa."

Hapo hapakuwa na ujanja. Kinanda akatoa kitambulisho chake cha kweli, chenye jina zuri la heshima ambalo hakuna aliyelitamka tangu mama yake alipoacha kumkemea. Binti akatoa kopi. Mkunga akaomba ya pili, ya kumbukumbu, akaikunja na kuitia mkobani.

Fundi alizichukua mashine moja moja, akasoma namba chini yake, akachomeka nyaya za zamani kwenye kifaa cha kupimia. Wa fundi saa ulikuwa mzima. Wa mwalimu ulikuwa na joto kidogo. Ulipofika waya wa mkunga, fundi hakuuchomeka kabisa. Aliuinua. Karibu na plagi, plastiki ilikuwa imelegea na kuvimba, na ndani yake shaba ilionekana, nyeusi.

"Huu ulikuwa unakaa kwenye soketi muda gani?"

"Kutwa," mkunga alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama, wiki moja tu nyingine, tusingekuwa tunaongea."

Mkunga akaketi kwenye benchi, mwavuli magotini. Fundi alifunga waya mpya, akaiunganisha mashine kwenye televisheni ya pale kituoni ili aijaribu. Uwanja mzima ukashangilia. Kwenye kioo ikatokea timu yenye jina la mwanamke, nafasi ya kwanza. Watu wa kwenye foleni wakageuka. Kinanda akajikuta anatazama dari, akifuatilia kwa makini feni ambayo ilikuwa haizunguki.

Kuhusu ule waya wa mwenyekiti, fundi aliita wenzake watatu waje kuuona. "Huu ni wa pasi," alisema, akiandika hivyo chini ya saini ya mwenyekiti kwenye fomu na kugonga mhuri, mhuri usio na samaki. Mkunga akaikunja ile fomu nayo, akaitia mkobani juu ya kopi ya kitambulisho. Ilisomwa Jumapili kwenye mkutano wa wapangaji, kwa sauti, mara mbili kwa ombi la wajumbe, na mwenyekiti alishindwa kwa kura zote isipokuwa mbili, ya kwake na ya mkewe, ambaye baadaye alisema alikosea karatasi.

Lakini kabla ya Jumapili kulikuwa na ngazi. Kinanda alizipandisha mashine zote saba, moja moja, kwa sababu mkunga alisema mbili mbili zitagongana. Kila mlango uliofunguliwa ulimwombea baraka. Yule mama wa maji alimpa tena maji. Alipofika ghorofa ya nne na mashine ya mwisho, ovaroli ilikuwa imelowa mpaka mgongoni. Chai ilikuwa mezani.

"Mama," alisema alipopata pumzi, "naomba nikuulize. Ulijua?"

"Nilipoenda jikoni nilipiga simu kituoni. Wakaniambia hawana mtu anayepita majumbani." Akamwongezea sukari. "Na kabla ya hapo, mwanangu, umekuja kichwa nusu kimenyolewa nusu bado. Ofisi gani ingekutoa hivyo?"

Kinanda alijishika kichwa. Alikuwa amesahau kurudi kwa kinyozi.

"Sasa mbona hukuita polisi?"

"Polisi wangepandisha mashine saba ngazi zote hizi? Majirani walishazitoa zote, nani angezipeleka kituoni, mimi na magoti haya? Alihitajika mtu wa kubeba." Akakaa vizuri kitini. "Sasa, jengo la pili zipo tisa. Nimeshawaahidi. Saa mbili asubuhi, usichelewe. Ukichelewa, ile kopi ya kitambulisho nitampelekea yule askari wa barabarani. Ni kijana mzuri, nilimtoa kwa shida sana, alitanguliza miguu."

Saa mbili kasoro kumi Kinanda alikuwa mbele ya jengo la pili, kichwa chote kimenyolewa. Mkunga aliketi chini kwenye kigoda na chupa yake ya chai, akamwelekeza ngazi kwa ncha ya mwavuli.

Alibisha mlango wa kwanza. Ukafunguka kiasi cha mnyororo, na jicho la mama mmoja likamtazama.

Kinanda akamweleza. Alimwambia waya una kasoro, ameuona mwenyewe ulivyoungua. Akampa anwani ya kituo na namba ya simu ya kampuni, akamsihi apige ahakikishe. Akamwambia asikubali risiti ya mtu yeyote, waende wote pamoja, na mashine itarudi jioni hiyo hiyo na waya mpya, bure kabisa. Hapakuwa na neno hata moja la uongo. Alisema kwa moyo wote, mkono kifuani, na alipomaliza machozi yalikuwa yanamlengalenga kwa uzuri wa jambo lenyewe.

Yule mama alisubiri mpaka akamaliza.

"Unaongea vizuri mno," alisema. "Tapeli mkubwa wewe."

Mlango ukafungwa, na komeo la pili likasukumwa. Kinanda akabaki ngazini, mkono bado kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akahisi ameonewa.