Grafu ya Kogo na Ng'ombe Silibwet

Jumatatu, 3 Novemba

Hii sijawahi kumwambia mtu: mimi huhutubia ng'ombe. Mbele ya watu ulimi unakauka. Lakini mbele ya Silibwet, ng'ombe wa nyanya yangu aliyenunuliwa kule Silibwet, naongea kama mheshimiwa. Yeye hutafuna tu. Hapingi.

Leo nimeongea mbele ya binadamu! Kogo Rodah, yaani nyanya, huweka pesa ya majani chai kwa mfuko wa uwekezaji. Taarifa huja kwa simu yake, Kiingereza kitupu. Akatangaza: atakayemsomea vizuri atakaa na hiyo simu likizo yote. Binamu yangu Zack, mwenye muhula mmoja wa chuo cha biashara, akasoma kila mstari. Kogo akasinzia. Mimi nikasoma wa kwanza na wa mwisho. Mwanzo wa mwezi, elfu themanini. Mwisho, laki moja na elfu ishirini na kitu. Nikasema imepanda kwa nusu! Kogo akapiga vigelegele. Simu ni yangu. Zack amenuna.

Jumatano, 5 Novemba

Zack ananiambia ati nisome mistari ya katikati. Wivu. Nimechora grafu, nikaibandika kando ya kalenda ya kanisa. Inapanda kuliko barabara ya kutoka Fort Ternan. Nyanchoka, jirani anayetuchumia chai, ameiangalia mpaka uji wake ukapoa. Akaniita meneja. Meneja!

Alhamisi, 6 Novemba

Balaa. Kogo aliangalia grafu, kisha akaangalia zizi. Akauliza kama ng'ombe naye hupanda kwa nusu kila mwezi, ama ni kumaliza nyasi ya napier tu. Basi anamuuza, pesa yote iingie kwa mfuko. Aron, mnunuzi wa Siongiroi, anakuja Jumamosi.

Silibwet wangu! Nikakimbilia mistari ya katikati. Pesa iliyowekwa: elfu arobaini. Ni bonasi ya chai, Kogo aliiweka mwenyewe Oktoba. Faida, kodi ikishatolewa: mia sita na arobaini.

Nikisema, simu inaenda kwa Zack. Nikinyamaza, ng'ombe anaenda Siongiroi. Lazima kuna njia ya tatu.

Jumamosi, 8 Novemba

Njia ya tatu ilikuwa matope. Asubuhi nimempaka Silibwet mwili mzima, mbavu nikazichora na majivu. Akawa kama mgonjwa wa kuombewa. Nusura nilie mwenyewe.

Aron aliahidi saa nne. Akafika saa tisa. Saa nane ilikuwa imenyesha, kama inavyonyesha hapa kwetu tangu nizaliwe. Kwa nini sikukumbuka? Silibwet aling'aa kama ametoka saluni. Aron akamzunguka, akasema kwa huyu anaongeza elfu tano. Kogo akanyoosha mkono wapatane.

Sijui sauti ilitoka wapi. Nikapiga kelele kwamba ile elfu arobaini ni yake mwenyewe, faida ni mia sita, grafu ni bure kabisa. Mbele ya wageni!

Kogo akarudisha mkono ndani ya leso. Akaniuliza, nikimwaga maziwa ya jana kwa ndoo ya leo, ng'ombe amekamuliwa zaidi? Zack akacheka mpaka akashika ua wa zizi. Simu amepewa yeye. Aron ameondoka bila kuonja mursik, maziwa yetu ya kibuyu. Silibwet alikuwa anatafuna.

Jumapili, 9 Novemba

Kogo ana huruma. Baada ya kanisa amenipa mia mbili niweke kwa mkebe, nijifunze kufuata pesa yangu kabla ya kugusa yake tena. Nimepokea kwa unyenyekevu.

Jioni nimekopa mia mbili kwa Nyanchoka. Nikatia mkebeni.

Nimehesabu. Mia nne! Siku moja tu, imepanda mara mbili! Mfuko wa Kogo haujawahi. Grafu mpya imetoka nje ya karatasi, nimeunganisha na nyingine. Kesho nampelekea, na simu itarudi, Zack apende asipende. Silibwet nimeshamhutubia. Hakupinga.

Viatu vya gumbuti vinakuja mlangoni. Ni Kogo. Naficha hii chini ya godo